Amplifaya Iliyomkataa Mashavu

Usiku wa jana niliota amplifaya yangu imefanywa mwenyekiti wa kikao cha ukoo. Imekalishwa kwenye kochi la marehemu mama kule Mkoani, na mto wa mgongoni imewekewa. Kinachojadiliwa ni nyumba hiyo hiyo ya mama, iuzwe au isiuzwe. Anayeishi humo ni mdogo wangu Mashavu. Ikiuzwa, hana pa kulala.

Ami Faki, mdogo wake baba, akasema, "Iuzwe." Spika ikanguruma, vyombo vikatikisika kabatini.

Mashavu akasimama naye akasema. Midomo inakwenda, lakini kwenye spika hakitoki kitu.

"We mashine, una wazimu?" nikaiuliza. "Mbona humpitishi?"

"Sauti yake nyembamba," ikajibu. "Mimi nina nguvu, sina upana wa kupitisha kila sauti, nene na nyembamba. Vyote viwili hatupewi."

Hasira zikanipanda hadi utosini. Nikafungua mfuniko, nikaingia ndani niitie adabu. Kumbe mle ndani ni ukumbini kwa mama, transista, vile vidude vinavyokuza sauti, zimekaa mkekani zinakunywa chai.

"Ukitaka mlango wa sauti upanuke, nguvu zipungue," ikasema moja, hata kunitazama hainitazami.

"Nguvu za nani?"

"Za anayepiga kelele humu. Wewe."

Mlangoni kasimama rezista, bawabu mwenye mistari ya rangi tumboni. Kazi yake kuchukua kidogo katika kila kinachotoka, akigeuze kinyume, akirudishe kilikotoka.

"Mwizi mkubwa we, Ami Faki!" napiga kelele.

"Mwaminifu mkubwa, Ami Faki," rezista ananirudishia. Sauti yangu inashuka.

"Huna haya!"

"Una haya nyingi."

Inashuka tena. Nataka kulia kwa uchungu, maana kila tusi linanila mwenyewe. Lakini mlango nao unapanuka, nauona kwa macho yangu, transista zinasogeza vikombe kuupisha. Basi nikayatoa matusi yote niliyoyameza tangu msiba wa mama, sikubakisha hata moja.

Hapo nikamsikia Mashavu, wazi kabisa: "Nyumba siuzi. Tokeni!"

Nikaamka, kumekucha, simu inalia. Ami Faki, anapiga kutoka kwake Wete, mbali kabisa na Mkoani.

"Mwanangu, mwambie mdogo wako apunguze sauti. Tumemsikia."

Nikafungua mdomo nimpashe. Sauti sina, imekauka kabisa.

"Hallo? Mbona kimya?" akauliza, na nyuma yake, huko huko Wete, nikamsikia Mashavu wa Mkoani bado anasema.