Mlango wa Nulu

Jumatatu asubuhi Cissy, karani wa wakili Wamboga huko Mbale, alikuwa anafuta vumbi kwenye kompyuta wakati Nulu alipopanda ngazi, mlango wa nyumba yake ukimfuata nyuma. Nulu aliketi kwenye benchi. Mlango uliegemea ukuta, pale unapoegemea siku zote.

"Nimekuja kusalimia faili," Nulu alisema.

"Lipo, mama. Halijambo."

Wateja wa Wamboga walifanya hivyo. Hata kama hakuna siku ya korti, mtu anakuja, anatolewa faili lake kabatini, analigusa, anakaa kidogo, anaenda. Faili lisilosalimiwa linasahauliwa, ndivyo watu walivyosema. Nulu alikuwa anatoka Walukuba, kule Jinja, kwa basi. Kondakta alishamzoea. Mlango alikuwa anaufunga kwa kamba juu ya basi pamoja na mikungu ya matoke.

Nyumba ya Nulu iko Namakwekwe, hapo hapo Mbale. Wakati wa vita afande mmoja aliingia na familia yake, Nulu akakimbia. Vita viliisha, afande hakutoka. Mlango ndio ulikataa kubaki. Nulu alipofika Jinja aliukuta nyuma yake, umejaa matope. Ukiufungua unaona sebule ile ya Namakwekwe, watu wa afande wanakula.

Nulu hana mtu mwingine. Kabla ya kulala anaugonga kidogo, halafu anajijibu mwenyewe, "Karibu."

Siku hiyo Gaster alikuwa amekuja kutoka Kampala kuuza programu za kupanga kesi. Wamboga alitaka ofisi iende haraka.

"Hii ya kwanza inauliza sana," Gaster alisema. "Kila mtu akiingia, unaandika amekuja kufanya nini."

"Watu wangu wanakuja kukaa tu. Si tutaandika mpaka jioni?"

"Basi chukua hii. Inaangalia kazi ya korti peke yake. Kesi isiyosogea inaifunga yenyewe, na mteja inamtumia ujumbe. Hata hilo benchi utaliuza."

Wamboga akacheka. "Hiyo ndiyo. Cissy, jaribu na mama Nulu. Huyu haachi kuja, kesi yake lazima imefika mbali."

Cissy akaandika jina. "Na mlango? Ni mteja ama ni shahidi?"

Gaster akaufungua mlango, akasalimia waliokuwa wanakula, akaufunga. "Weka kielelezo. Vielelezo vinabaki ofisini." Akaubandika namba.

Cissy akatafuta kazi ya korti kwenye faili la Nulu. Hakukuwa na kitu kilichopelekwa kortini. Hata afande hakuwa ameandikiwa barua. Kompyuta ikalia kidogo, halafu simu ya Nulu ikalia ndani ya gauni lake la gomesi.

"Nisomee, mwanangu."

Cissy akasoma. "Kesi yako imefungwa. Asante kwa kuja kwetu."

Nulu akamtazama Wamboga. "Lakini nilikuwa nakuja."

"Ulikuwa unakuja, mama. Mimi mwenyewe nilikuwa nakuona." Wamboga akamgeukia Gaster. "Ikishafunga, inafungua tena?"

"Haifungui, bwana. Ndiyo uzuri wake."

Wamboga akaangalia kompyuta. "Basi sawa," akasema.

Nulu akasimama. Mlango nao ukajitoa ukutani. Cissy akaushika kwa mkono.

"Huu ni wa ofisi sasa, mama."

Mlango ukarudi ukutani. Nulu akaugonga kidogo. Mtoto akafungua kutoka ndani, kijiko mkononi.

"Jjajja, bibi yangu, unatafuta nani?"

"Hakuna, mwanangu. Kula."

Mtoto akafunga polepole, kwa adabu.

Kwenye basi kondakta akaangalia nyuma ya Nulu, halafu akafunga matoke tu juu ya basi. Benchi likauzwa wiki hiyo.

Huko Walukuba, Nulu alitandika kitanda. Akagonga ukuta. Akangoja kidogo.

"Karibu," akasema.