Mbuzi wa Kaiza

Katika miaka ile reli ilipokuwa ikitambaa kutoka pwani kuja Ugogo, Kaiza wa Udachi alikuwa na njaa isiyo na mfano. Ndivyo alivyoeleza Akida Mustapha, na Akida Mustapha hakuwa mtu wa kusema uongo bila sababu. Kaiza alikuwa na majumba, meli na mizinga, lakini kwa bahati mbaya hakuwa na mbuzi. Kwa hiyo kila mwezi ulipoandama, akida alivipitia vijiji vya upande wa Miyuji, yeye juu ya punda, askari nyuma yake kwa miguu, akiwakumbusha Wagogo njaa ya Kaiza.

"Mnadhani anapenda kuwasumbua?" aliwauliza kwa masikitiko. "Moyo wake unamuuma sana. Haya, leteni yule mweupe aliyenona."

Yule mweupe aliyenona alikuwa wa akina Zipora.

Zipora alikuwa binti wa Chilongani, mfugaji mwenye zizi la wastani na mdomo usio wa wastani. Chilongani ndiye aliyempeleka Zipora shule ya misheni kwa Mwalimu Bartolomayo, jambo lililowashtua majirani, maana siku hizo watu waliamini kwamba msichana akijua kusoma husahau kupika mlenda. Zipora alijifunza kusoma, akajifunza na Kiswahili, na mlenda aliendelea kuupika. Ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa mbaya tangu kabla ya shule.

Siku mbuzi mweupe alipofunguliwa zizini, Chilongani alimsimamisha akida.

"Nina swali dogo tu, Akida. Kaiza anakaa ng'ambo ya bahari, sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa mbona nyama yake inachomwa uani kwako? Harufu tunaisikia mpaka huku."

Watu walicheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu swali akida angeweza kulimeza, lakini kicheko kilimkwama kooni. Kesho yake asubuhi Chilongani alifungwa kamba na kupelekwa kwenye reli kubeba mataruma ya kulazia vyuma mpaka adabu imwingie. Aliyepewa kazi ya kuipima hiyo adabu alikuwa Akida Mustapha mwenyewe, na kila alipoipima aliikuta bado haijatosha.

Nyumbani wakabaki Zipora na Bibi Nyemo, mama yake Chilongani, mwanamke mfupi mwenye mikono ya chuma. Hakuna aliyepiga ngoma ya muheme kumshinda. Akiibana katikati ya magoti na kuanza kuipiga, hata wanaume waliodai hawapendi ngoma za wanawake walijikuta wana shughuli za kufanya karibu.

Basi Bwana Mkubwa wa boma alipokuja kufanya baraza, Bibi Nyemo alikwenda kumdai mwanawe. Watu walimwita huyo Mdachi Bwana Miwani. Kiswahili alikijua. Alikisoma kitabuni huko kwao, na alikisema taratibu na kwa usafi mwingi, kama mtu anayetembea na viatu vipya. Kigogo hakukijua hata neno, na Bibi Nyemo hakujua Kiswahili. Kwa hiyo katikati yao alisimama mkalimani mwaminifu, Akida Mustapha.

Bibi alisema kwa Kigogo, bila kuzunguka, kwamba akida ni mwizi, mbuzi anawala yeye na wageni wake, na mwanawe amefungwa kwa kuuliza tu.

"Anasemaje?" akauliza Bwana Miwani.

"Anasema, Bwana Mkubwa, tangu Wadachi waje analala usingizi mtamu. Anamwombea Kaiza maisha marefu."

Bwana Miwani aliguswa. Aliagiza bibi apewe chumvi kiganjani.

"Bwana, si hivyo!" Zipora alipaza sauti kwa Kiswahili kutoka nyuma. "Hakusema hivyo!"

Hakumaliza. Askari alimshika mkono, akamtoa nje ya baraza huku akimweleza kwamba watoto hawasemi mbele ya wakubwa. Bwana Miwani, ambaye maneno hayakumfikia vizuri, aliuliza kelele zile ni za nini, na akida akamwambia ni msichana aliyeng'atwa na siafu. Bibi Nyemo alirudi nyumbani na chumvi mkononi. Zipora alipomtafsiria shukrani alizokuwa amezitoa, bibi aliimwaga yote mavumbini, na siku hizo chumvi haikuwa kitu cha kumwaga.

Zipora alilia siku ile. Hakulia kwa sababu ya askari. Alilia kwa sababu neno la kweli lilikuwa limetoka kinywani mwa bibi yake na kufika upande wa pili limegeuzwa, na yeye aliliona likigeuzwa hivi hivi.

Kiangazi kilipokolea, akida alipita na habari tofauti. Safari hii Kaiza hakutaka mbuzi. Alitaka nyimbo.

"Wataalamu wa Berlini wamemletea Bwana Mkubwa mashine," alitangaza. "Inanasa sauti ya mtu na kuihifadhi ndani ya nta. Wanataka kuwasikia Wagogo wakiimba. Wanawake wa muheme mjiandae. Na muimbe vizuri, msinitie aibu."

Bibi Nyemo alisema hatampigia ngoma mtu aliyemfunga mwanawe, na kama Berlini wanataka kelele, wamwambie akida alie. Lakini Zipora alikuwa kwenye jiwe la kusagia, na uwele ulikuwa umekaa mbele yake bila kusagwa. Alikuwa akifikiri.

"Bibi," alisema, "hiyo mashine haina mkalimani."

"Inahusu nini?"

"Mtu akisema ndani yake, inarudia vilevile. Bwana Miwani anaelewa Kiswahili. Nikiimba mimi kwa Kiswahili, akida ataingilia wapi?"

Bibi Nyemo alikaa karibu naye.

"Atakukatiza kabla hujafika katikati. Na wakikuchapa?"

"Watanichapa," alisema Zipora. Alijaribu kulisema kishujaa, lakini sauti ilimponyoka na kuwa nyembamba.

Bibi hakumwambia asiogope. Aliivuta ngoma yake, akaipasha ngozi motoni, akasema, "Basi nisikie hayo maneno. Na ukae kwenye mapigo yangu. Mtoto wa mwanangu hataaibika kwa kuimba ovyo, hata kama ni kwa ajili ya kuchapwa."

Siku ya siku, meza iliwekwa uwanjani mbele ya tembe la jumbe wa kijiji. Juu yake palikuwa na sanduku la mbao lenye tarumbeta kubwa, mdomo umewaelekea watu kama unadai kulishwa. Bwana Miwani alilizunguka kwa upendo, akilifuta vumbi, na Ugogo wakati wa kiangazi vumbi halifutiki. Kisha akatoa amri, akiisema kwa Kiswahili chake kisafi. Mashine ikianza, waimbaji tu ndio watakaotoa sauti. Mtu mwingine yeyote atakayesema, kukohoa au kucheka, atachapwa kiboko hapo hapo.

"Yeyote," alirudia, akimtazama askari.

"Yeyote, Bwana Mkubwa," askari akaitikia.

Akida Mustapha aliitafsiri amri ile kwa Kigogo kwa furaha kubwa, akaiongezea na vitisho viwili vitatu vya kwake, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Wanawake walikaa, ngoma katikati ya magoti. Bwana Miwani alizungusha mkono wa mashine, akashusha sindano, akainua kidole. Bibi Nyemo akaanza. Zipora alisimama mbele ya tarumbeta. Miguu ilimtetemeka kiasi kwamba njuga alizofungwa zilianza kazi kabla ya wakati. Akaimba:

*Bwana Miwani, sikiliza,*
*mbuzi wa Kaiza hawajapanda meli,*
*wamo zizini kwa Mustapha,*
*masikioni wana alama zetu.*

Wanawake wakaitikia kwa Kigogo, wakipiga makofi.

Akida alikuwa amesimama amekunja mikono, uso umetulia kama wa mtu anayengoja kupongezwa. Ilimchukua mstari mzima kutambua kwamba anaelewa kila neno bila kutafsiri. Mikono ikakunjuka. Alifungua kinywa, akamtazama askari. Askari alikuwa mtu wa kufuata amri, wala hakuwahi kupewa hata mfupa wa wale mbuzi. Alikiinua kiboko kidogo tu, kwa heshima. Akida akafunga kinywa.

Zipora aliona kinywa kile kikifungwa. Hapo ndipo miguu yake ilipotulia, na sauti ikapanda.

*Chilongani aliuliza swali,*
*swali likamfunga kamba,*
*sasa anabeba mataruma.*
*Bibi yangu alilia barazani,*
*Mustapha akakwambia anashukuru.*

Na Bwana Miwani je? Bwana Miwani hakusikia neno hata moja. Muda wote alikuwa ameinamia sindano, akipuliza vinyuzi vya nta, akichezesha kidole kufuata ngoma. Nta ilipojaa, alinyanyua sindano, akafuta miwani, akatangaza kwamba wimbo ulikuwa mzuri sana, wa asili kabisa.

"Mzuri sana, Bwana Mkubwa!" akida alidakia huku jasho likimtiririka. "Ni wimbo wa mavuno. Tena mashine imechoka, na jua ni kali. Tuifunike."

"Hapana," alisema Bwana Miwani. "Sasa watu wasikie sauti zao. Watastaajabu."

Akairudisha sindano mwanzo.

Watu hawakustaajabu kama alivyotazamia. Bibi Nyemo alisikiliza ngoma zake, akanong'ona kwamba zimekuwa kama mtu anayegonga kibuyu kilichopasuka. Aliyestaajabu alikuwa Bwana Miwani. Sauti ya Zipora ilitoka kwenye tarumbeta kama ya mtu aliyebanwa pua, lakini kila neno lilisikika, na kila neno lilikuwa Kiswahili. Kidole chake kilichokuwa kikicheza kikasimama. Aliirudia nta tangu mwanzo. Kisha akamgeukia akida.

"Wimbo wa mavuno?"

"Bwana Mkubwa, mtoto huyu ana mashetani. Watu wote wanajua!"

"Mbuzi wana alama masikioni?"

Hapo hakuhitaji jibu la akida, kwa sababu kijiji kizima kilijibu kwa pamoja, kiboko au bila kiboko. Waliondoka wote, Bwana Miwani mbele, mpaka kwenye zizi la Akida Mustapha. Mbuzi walikuwa tele. Watoto walikwenda wakiwaonyesha masikio. Huyu kakatwa ncha, wa kwa fulani. Huyu katobolewa, wa kwa fulani. Mbuzi mweupe wa akina Zipora hakuonekana. Ngozi yake walimkuta nayo punda mgongoni, imetandikwa chini ya tandiko.

Bwana Miwani alighadhibika mpaka shingo ikaiva. Wanakijiji walifurahi sana kuona anawaonea uchungu, mpaka aliposema.

"Umemwibia Kaiza!" alimfokea akida.

Kumbe mwenye mali alikuwa Kaiza. Wao walikuwa wapita njia tu. Akida alifungwa kamba, na askari yuleyule akaambiwa ampeleke relini. Mbuzi walionona walichaguliwa kwenda boma, ili dhuluma aliyotendewa Kaiza ifutike. Watu walirudishiwa waliokonda, na ilielezwa kwamba wanatakiwa kushukuru.

Waliporudi uwanjani, umati ulianza kutawanyika. Zipora alibaki amesimama, kwa sababu jina la baba yake lilikuwa halijatajwa. Alimsogelea Bwana Miwani.

"Bwana, na baba yangu?"

"Baba yako alimdharau akida. Kumdharau akida ni kosa."

"Lakini akida ni mwizi, Bwana. Umesema mwenyewe."

Bwana Miwani alifikiri. Hoja ilimsumbua, maana haikuwemo katika kitabu chochote alichosoma. Kisha uso ukamng'aa.

"Nta hii imeharibika," alisema. "Berlini wanataka wimbo halisi wa Kigogo, usio na Kiswahili. Nikawapelekee malalamiko kuhusu mbuzi? Imbeni mwingine, wa kweli, Kigogo kitupu. Mkiimba vizuri, nitaagiza baba yako aachiwe."

Zipora alimtafsiria bibi yake, neno kwa neno, bila kugeuza hata moja. Bibi Nyemo aliivuta ngoma.

"Kigogo kitupu?" aliuliza. "Mwambie nimekubali. Wala asiwe na wasiwasi, nitaimba kutoka moyoni."

Wakaimba mpaka vumbi likapanda juu ya mapaa ya matembe. Bibi Nyemo alimuuliza Mdachi atafunga lini sanduku lake na kurudi kwao, na kama mama yake anajua anachokifanya katika nchi za watu. Alimsifia na miguu, akaifananisha na ya korongo mgonjwa. Wanawake waliitikia kwa machozi ya kicheko, na Bwana Miwani, ambaye sasa hakuwa na mkalimani, alitikisa kichwa kwa raha na kuandika kwamba ni wimbo wa kuomba mvua. Nta ile ilifungwa kwa pamba na kwenda Berlini.

Chilongani alifika jioni moja, ng'ombe walipokuwa wakirudi zizini. Zipora hakumtambua mara moja. Alidhani ni mzee anayeomba maji. Bega moja lilikuwa limeshuka, na ngozi yake imechubuka pale taruma lilipokuwa likikaa.

"Mbukwenyi," alisalimu, kwa sauti ya mtu ambaye hana uhakika kama ataitikiwa.

"Mbukwa, baba," Zipora alijibu, akakimbia kumtandikia mahali pa kukaa.

Bibi Nyemo alimtazama mwanawe tangu kichwani hadi miguuni, akaingia ndani kutafuta samli ya kumpaka begani. Chilongani alikaa juu ya ngozi ya ng'ombe mlangoni. Zipora alimletea ugali wa uwele na mlenda. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, mpaka mlenda wote ukaisha.

"Umeupika wewe?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Uongeze," alisema Chilongani.

Zipora akainuka haraka kwenda jikoni, baba yake asije akamwona analia.