Mstari Mwekundu Kwenye Nati

Mstari ulianzia juu ya nati ya gurudumu la nyuma la pikipiki, ukashuka ukingoni, ukaishia kwenye chuma kilichoishikilia. Mwekundu, mwembamba, umenyooka. Kaka aliuchora kwa rangi ya kucha ya mkewe, na haukuwa umesogea hata unywele. Nilichuchumaa mbele yake na spana mkononi, Jumamosi mchana, na sikuhisi kitu.

Sikuwa nimehisi kitu tangu tulipomzika kaka. Homa ilimchukua ndani ya juma moja. Watu walinisifu kwamba nimekaza moyo, wala sikuwa nimekaza chochote. Nilipika, nikaosha vyombo, nikapokea wageni, kama mtu anayefuata maelekezo yaliyobandikwa ukutani. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo, na bado niliamini kila jambo lina maelekezo yake mahali fulani.

Wifi yangu, mjane wa kaka, ni mkunga. Kaka ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa wajawazito wa milimani, kwa pikipiki yake ile ndefu yenye tairi za meno, inayokwenda kwenye lami na inayokwenda kwenye mawe. Jumatatu wifi angepanda huko peke yake kwa mara ya kwanza. Cheni ilikuwa imelegea mpaka inapiga chuma. Cheni ya namna hiyo ikiruka kwenye mteremko inaweza kufunga gurudumu na kumwangusha mtu. Na huwezi kuikaza bila kwanza kufungua nati ile.

"Unaisubiri ikuamkie?" wifi aliuliza. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, gauni amelikusanya magotini.

"Labda cheni inaweza kungoja kidogo."

"Wifi, atakayekaa juu ni mimi."

Kaka alinifundisha kazi hii likizo moja, kwenye uwanja huo huo wa nyuma ya nyumba. Nati, alisema, huanza na vidole, ishike njia yake, ndipo spana. Wengi hukaza kwa hasira wakidhani ikizidi ndiyo salama, kumbe bolti inavutika, inachoka, na siku moja inakatika bila kuaga. Yeye alikuwa na spana ya kipimo. Unaiwekea namba iliyomo kwenye kitabu cha pikipiki, unavuta polepole, ikifika inalia tak, unaacha hapo hapo. "Ikisema tak, wewe nyamaza," aliniambia. Kisha ndiyo mstari, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Siku ukiukuta umekatika katikati, ujue nati imegeuka, usipande.

Majirani walimwita Bwana Kucha. "Bwana Kucha, na midomo utampaka lini?" Naye alikuwa akipapasa taa ya mbele na kuwajibu, "Namsubiri achague rangi."

Nilivuta. Nati iligoma, kisha ikaachia ghafla, na mkono wangu ukagonga meno ya gia ya nyuma. Mstari ukawa vipande viwili.

"Unatoka damu," wifi alisema.

Nilitazama. Ngozi ya kifundo cha kidole ilikuwa imechunika. "Haiumi," nilisema, na ilikuwa kweli.

Tulisogeza gurudumu nyuma, pande zote mbili sawa, wifi akiinua cheni kwa kidole na kuishusha mpaka akaridhika. Nikaizungusha nati kwa vidole. Nikachukua spana ya kipimo, nikavuta. Tak. Tukanyamaza wote wawili.

Chupa ya rangi ilikuwa ile ile, imebaki chini kabisa, imeanza kuganda. Nilichora mstari mpya kando ya vipande vya ule wa kaka.

"Na huo wa zamani?"

"Nimeuacha."

Wifi alinyoosha gauni lake, akalikunja tena.

"Nikiwa kule juu, mzazi analia ndani, nikainama kuangalia nati, nitaamini upi?"

Wifi aliweka mbele yangu kitambaa, na petroli kidogo kwenye kifuniko cha kopo. "Yeye alikuwa akiufuta kila anapofungua," alisema. "Unadhani chupa zangu ziliishia wapi?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaulizia chumvi. "Nifute mimi?"

"Hapana. Nitafuta."

Rangi ilitoka taratibu. Kitambaa kilibaki na wekundu ambao sikujua upi ni rangi na upi ni mimi. Kwenye chuma ukabaki mstari mmoja, wangu, uliopinda kidogo.

Jumatatu aliondoka asubuhi, begi la kazi limefungwa nyuma. Mama alisimama mlangoni mpaka mlio ulipopotea, akaingia ndani. Mimi nilifagia uwanja. Baadaye nikaufagia tena.

Alirudi jua likielekea kuzama, vumbi mpaka kwenye kope. "Wa kike," alisema akivua kofia. "Ana sauti huyo, kijiji kizima kimejua."

Ilinipasa nimpe pole, nimpokee begi. Badala yake nilipiga magoti nyuma ya pikipiki, nikapangusa vumbi kwa kidole gumba. Chuma kilikuwa bado na joto la safari. Mstari ulikuwa mzima, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, pamoja na kule kupinda kwake.

"Haya," wifi alisema juu yangu, "leo nati inaamkiwa kabla yangu."

Nilitaka kucheka. Kifundo cha kidole kilikuwa kimeanza kuuma.