Vidole vya Mshika Kamba

"Hesabuni vidole kwanza!" mwenye duka alipaza sauti, na watu wote wakainua shingo kuelekea runinga iliyotundikwa juu ya kabati la kadi.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Kadi mpya ya mchezo ikitangazwa, kabla hawajasoma gharama yake wala nguvu yake, walihesabu vidole vya aliyechorwa. Mwaka uliopita kampuni inayotoa kadi hizo ilinaswa ikitumia picha zilizotengenezwa na mashine, na mashine, kila mchezaji anajua, huchanganyikiwa ikifika kwenye mkono wa binadamu. Tangu siku ile hawakumwamini mtu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," mwenye duka alipenda kusema, huku mwenyewe akicheka kabla ya kumaliza, "lakini kikizidi kimoja, kinavunja kampuni nzima."

Mchoraji wa mabango alikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, kofia magotini. Hakuwa mchezaji. Kwa miaka arobaini alikuwa amechora mabango ya saluni, ya maduka ya dawa na ya shule za udereva, na mchezo huu aliusikia mwaka huu tu, kampuni ilipotafuta wachoraji wa mkono ili ijisafishe jina. Walimpa kadi moja na maelezo ya mstari mmoja: mwanamke anayeshika kamba ya daraja wakati wenzake wanavuka. Alimchora mke wake. Mke alikuwa amefariki miezi minane nyuma, naye mchoraji hakuhitaji picha ya kumtazama ili amchore.

Kadi ikafunuka polepole, kuanzia juu. Kitambaa cha kichwa kilichofungwa haraka haraka. Paji la uso. Shingo iliyoinama kidogo upande wa kulia, kama alivyozoea akisikiliza. Alikuwa yeye hasa.

"Kulia, vitano," alisema fundi pikipiki aliyekaa mbele. Walimwita Hakimu, kwa sababu hapakuwa na kadi iliyopita pale bila yeye kuitolea hukumu. Akasimama, akaisogelea runinga mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Kushoto. Moja, mbili, tatu, nne... tano. Vitano! Jamani, hii imechorwa na mtu!"

Wakapiga makofi. Mchoraji hakupiga. Katika mkono wa kushoto yeye alikuwa amechora vinne.

"Sasa tusome," Hakimu akaendelea, akijikohoza kama mtu anayetoa hotuba. "Mshika Kamba. Gharama tatu. Nguvu... sifuri. Sifuri! Huyu hata inzi hamfukuzi."

"Soma uwezo wake, acha maneno," mwenye duka akamkatiza.

"Mwenzake akishambuliwa, pigo linampata yeye." Hakimu akaisoma tena moyoni. "Ala! Huyu ni hatari. Unaona? Wewe fanya makosa yako kwa raha zako, yeye ndiye anaumia. Wala haruhusiwi kukataa. Mimi naweka watatu kwenye fungu langu la kadi, nakwambia."

Wakacheka, wakaanza kubishana ni kadi gani imlinde huyo anayewalinda wengine. Mchoraji aliyasikia yote, na kila neno lilimchoma. Alikuwa amekuja kusikia watu wanamwonaje mkewe. Badala yake aliona kwamba watu wasiomjua wamemwelewa haraka kuliko alivyowahi kumwelewa yeye.

"Na mchoraji mwenyewe tunaye hapa!" mwenye duka akatangaza.

Hakimu akaja na kumpa mikono yote miwili. "Mzee, heshima yako. Mikono hasa umeipatia. Ulimchora nani?"

"Mke wangu."

"Basi hapo alipo anajivuna."

"Ana vidole vinne," mchoraji akasema. "Mkono wa kushoto. Nilichora vinne."

Wachache wakaanza kucheka, kisha wakaacha. Mwenye duka ndiye aliyeelewa kwanza, akavuta kiti na kukaa karibu naye. Alimweleza kwa upole: huko kampuni kuna mtu aliyehesabu kama wanavyohesabu wao, akaona vinne, akaingiwa na hofu, akaongeza cha tano. "Hawakukukosea kwa makusudi, mzee. Wanatuogopa sisi."

"Hakiondoki tena?"

"Kinaondoka. Kuna siku saba za masahihisho kabla kadi hazijachapwa. Ni fomu, unaijaza kwenye simu. Wanataka sababu tu, mstari mmoja."

Mstari mmoja. Alirudi nyumbani kwa miguu akiufikiria mstari huo, na njia nzima hakuupata.

Kitinda mimba wake, aliyehamia kwake tangu msiba, alikuwa akipiga pasi mezani. Mchoraji akampa simu na kumwomba amjazie fomu, maana vidole vyake mwenyewe vilikuwa vizito kwa herufi ndogo. Binti alipoiona kadi humo akaizima pasi. Aliitazama muda mrefu, akajifuta macho kwa kiwiko.

"Baba, iache hivi hivi."

"Niache vipi? Siyo mkono wake huo."

"Mama aliuficha ule mkono maisha yake yote. Kwenye picha za harusi yangu ameufunika na mkoba, zote, hata moja hakusahau. Leo watu wamempa mkono mzima, halafu wewe unataka kumkata tena?"

Hakulisema kwa ubaya. Hakujua amesema nini. Lakini mchoraji alilisikia neno moja tu: kumkata.

Kisa cha kidole kilijulikana na kila mtu katika ukoo ule. Miaka thelathini na moja iliyopita, karakana ndogo, yeye anakata mbao za mabango kwa msumeno wa umeme, mkewe amemshikia ubao upande wa pili. Mkewe akasogea, kidole kikaenda. Basi. Ndivyo alivyowaambia hospitalini, ndivyo alivyowaambia wakwe, na ndivyo watoto walivyokua wakisikia, mpaka neno likageuka utani wa nyumbani. Aliyemwaga chai aliambiwa amesogea kama mama. Wajukuu walimwita Bibi Sogea, naye aliitika, akicheka, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa gauni. Msibani, binti mkubwa aliposimama kumzungumzia, alilitaja jina hilo, na waombolezaji wakacheka katikati ya machozi. Mchoraji alicheka pamoja nao. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kwa miezi minane. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini yeye hata kilio hakikumuumbua.

"Andika," alisema. "Sababu, andika: hakusogea."

"Nani hakusogea?"

"Mama yako. Alishika ule ubao kama alivyoambiwa. Mtu alipita mlangoni akanisalimia, mimi nikageuka kumjibu. Msumeno ukafuata mkono wangu. Yeye alikuwa palepale."

Binti alimtazama. "Naye alijua?"

"Alikuwa ananitazama usoni wakati nageuka."

"Na hakusema."

"Nilipomwambia daktari amesogea, alinyamaza. Nikangoja anisute. Mwezi, mwaka. Hakunisuta. Nikaona kwamba mambo yamekwisha." Akauonyesha ule mkono wa kushoto kwenye simu. "Mimi hapo nilikuwa namwomba radhi, mwanangu. Kwa brashi, maana mdomo umenishinda. Na wao wamepaka rangi juu yake."

Chumba kilikuwa kinanuka nguo zilizopigwa pasi. Binti akachukua simu, akaandika neno moja kwenye mstari wa sababu, akalituma. Kisha akakunja shati alilokuwa akilipiga pasi, akalikunjua, akalikunja tena, kola ikaenda upande. Mchoraji alitamani binti amfokee.

"Sasa watu wa kampuni wanajua," binti alisema hatimaye. "Wasiomjua hata jina. Dada hajui."

"Nitamwambia akija."

"Dada alilitaja jina lile makaburini, baba. Mbele ya watu."

Akapiga simu. Iliita mara mbili tu, na sauti ya binti mkubwa ikajaa chumbani, ya furaha, kelele za watoto nyuma yake.

"Nimeiona! Imenifikia sasa hivi. Mama mwenyewe! Na ile mikono, haki nimelia. Watoto wanaimba Bibi Sogea hapa, sijui niwafanyeje."

"Dada, baba ana neno."

Binti akaiweka simu mezani, akaisukuma taratibu mpaka ikafika mbele ya mzee. Hakumtazama tena. Alikwenda kusimama dirishani, akampa mgongo.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Mbona sauti hivyo? Ngoja." Ikasikika kama ameondoa simu sikioni. "Nyamazeni! Nyamazeni kidogo, babu anataka kusema." Wimbo ukakatika, mtoto mmoja akachelewa, akanyamazishwa naye. "Haya, baba. Tunakusikiliza sote."