Nyuki Mnene wa Zunilda

Nyuki mnene akiingia nyumbani, mgeni yuko njiani. Kule Chiloé, kisiwa cha kusini mwa Chile, hilo halina ubishi; hata padri akimwona kwake huongeza kuni jikoni. Sasa huyu wa Zunilda alizidi. Tangu maua yafunguke alikuwa akiingia kila asubuhi, mwili mzima manyoya ya rangi ya chungwa, akivuma kama mtu aliyedhulumiwa. Alizunguka jiko, akajigonga dirishani, akatoka zake. Naye Zunilda, bila hata kukaa, alijifunga kitambaa kichwani na kuanza kukwaruza viazi vya milcao, ule mkate wao wa viazi na mafuta ya nguruwe.

Mgeni aliyemtaka alikuwa mmoja tu, dada yake Orfelina. Wala hakuwa mbali, walitenganishwa na uzio wa mbao. Lakini majira ya baridi yaliyopita, matangani kwa shangazi yao, Orfelina aliuma milcao ya mdogo wake akasema mbele ya waombolezaji kwamba ina ladha ya sabuni. Tangu siku hiyo hawakuamkiana. Zunilda aliapa hatakanyaga kwa dada yake ng'o. Hata hivyo alimkumbuka sana, mpaka mikono yake ilikuwa ikiandaa vikombe viwili kabla kichwa hakijaikataza.

Aliyekuja badala yake alikuwa Ruperto, jirani mmoja mjane mwenye pua kali kwa harufu ya chakula. Ujio wake ulitangazwa na Sajini, ndege wa miguu mirefu aliyelinda bustani ile na kumtukana kila apitaye, awe mwizi au askofu.

"Nilikuwa napita tu," Ruperto alisema, ameshavuta kiti.

"Unapita tu kila siku," alijibu Baldovino, mume wa Zunilda. "Siku moja, ndugu yangu, pita upite kweli."

Ruperto alipokwisha kupangusa sahani kwa kidole na kuondoka, Baldovino alimgeukia mkewe. "Mama, huyo nyuki hatabiri kitu. Anafuata maua yako tu. Dada yako ukimtaka, geti lile pale."

"Nyuki hakusema niende. Amesema mgeni anakuja."

"Amekwambia lini?"

"Nyamaza, ule."

Lakini maneno yalimwingia. Kesho yake, nyuki alipotoka, Zunilda alimfuata na bakuli la viazi mkononi, ajue tapeli huyu anakaa wapi. Miaka yote alikuwa akiipalilia bustani ile bila kuitazama. Leo alimwona nyuki akijisukuma ndani ya ua jembamba mpaka makalio yakabaki nje, miguu ikitapatapa, na kandege kadogo kanakoelea hewani kakimgombeza kwa kumkalia mlo wake. Zunilda alicheka peke yake. Kisha nyuki akachomoka, akaruka uzio, akaingia moja kwa moja katika dirisha la jikoni kwa Orfelina.

Zunilda aliweka jicho kwenye tundu la ubao. Ng'ambo, nje ya mlango wa jiko, kulikuwa na meza yenye kitambaa safi, keki, na vikombe viwili. Wivu ukamchoma. Nani huyo anayeandaliwa hivyo?

Mara tundu likaingia giza. Jicho jingine lilikuwa limekuja upande wa pili.

"Unachungulia nini?" aliuliza Orfelina.

"Namfuata nyuki wangu."

"Nyuki wako tangu lini? Huyu ni wangu. Anaingia kwangu kila siku."

"Na mgeni anakuja?"

"Anakuja Ruperto," Orfelina alisema. "Anadai anapita tu."

Zunilda akaweka bakuli chini.

"Nilikuwa nakungoja wewe, mpumbavu we," alisema dada yake. "Keki ngapi nimempa yule mlafi!"

"Basi njoo, dada."

"Njoo wewe. Nyuki sasa hivi yuko kwangu."

"Asubuhi alikuwa kwangu."

Wangebishana mpaka maua yapukutike. Baldovino, aliyekuwa akiwasikiliza kutoka mlangoni, alichukua mtaimbo bila kuuliza mtu, akang'oa mbao za uzio, akaisukuma meza ya Orfelina mpaka ikakaa pale pengoni, miguu miwili huku, miwili kule. Sajini alikuja mbio, shingo mbele, na wote wakasubiri matusi. Ndege alimtazama Orfelina, akamzunguka, akarudi kuchimba minyoo yake.

"Hata yeye hajanisahau," alisema Orfelina, machozi yakimlengalenga.

Milcao ilipoiva, Zunilda alimsogezea ikiwa ya moto. Dada mtu akauma, akatafuna pole pole huku mdogo wake amebana pumzi.

"Sabuni ileile," alisema, akachukua kipande kingine.

Zunilda alicheka mpaka akashika mbavu, na Orfelina akamfuata, makombo yakimtoka mdomoni.

Ndipo Sajini akaanza kutukana. Ruperto alikuwa amesimama barabarani. Aliitazama nyumba hii, akaitazama ile, kisha akaiona meza moja katikati. Uso ukamshuka.

"Nilikuwa napita tu," alisema kwa sauti ya msiba.

"Karibu, keti," Orfelina akamwambia. "Ila kuanzia leo unakula mara moja."