Kopo Chini ya Mashine

Augustine alikuwa hajibu salamu ya mtu asubuhi kabla hajainywesha mashine yake. Hata mkewe, Marietha, akipiga hodi mlangoni pa karakana, pale Keko, Augustine alikuwa anamaliza kwanza kutia oili kwenye beringi, ndipo ageuke na kucheka. Mashine yenyewe ilikuwa kikongwe cha kukerezea vyuma, na ilivuja oili. Chini yake Augustine aliweka kopo la maziwa ya unga, na matone yalilia humo kutwa nzima.

Alipozikwa, mashine ikabaki mikononi mwa mdogo wake, Romani. Ndiyo iliyowalisha wote: yeye, shemeji yake na watoto. Romani hakuwa mvivu, ila ujuaji ulimzidi. Wateja walipolalamika kwamba sakafu inateleza, alinunua gundi ya silikoni akaziba kila upenyo chini ya beringi. Kopo likakauka. Na kwa kuwa haivuji tena, akaona hakuna haja ya kuongeza oili.

Hapo ndipo sauti ilipoanza. Ti. Ti. Tone likianguka ndani ya kopo. Akachungulia, kopo kavu. Akaligeuza kifudifudi, sauti ikaendelea. Akafungulia singeli redioni kwa nguvu zote, akaisikia chini ya ngoma. Romani aliogopa, tena sana, na hakumwambia mtu. Angeanzaje kusema kwamba marehemu anamfuata kazini mchana kweupe?

Siku moja Marietha alimletea chakula. Alikuwa akiweka hotipoti mezani, mkono ukasita.

"Shemeji, hebu zima redio."

Akazima. Mashine ilikuwa inazunguka. Ti. Ti.

"Na wewe unasikia?" Romani aliuliza.

"Nilikuwa naisikiaga miaka yote, nitaisahauje?" Marietha akainama, akaliona kopo lilivyopinduliwa. "Huyo anakuita. Ningekuwa mie, ningeitika."

Romani aliweka kiganja juu ya beringi, pale kaka yake alipozoea kutia oili, akakitoa mbio. Ilikuwa inaunguza. Akazima mashine, akaikwangua gundi yote kwa kisu. Kilichotoka kilikuwa tope jeusi lenye unga wa shaba uliosagika kwenye beringi. Ndipo akaelewa kwamba beringi zile ziliundwa zivuje: oili iingie juu, itoke chini na uchafu wake. Kaka yake hakuwahi kumweleza, naye hakuwahi kuuliza. Angechelewa hadi jioni, mashine ingejikaba yenyewe, na wangebaki na chuma chakavu cha kuuza kwa kilo.

Akalisimamisha kopo, akamimina oili mpaka tone safi likaanguka. Ile sauti nyingine ikakoma. Romani alikuwa ameomba usiku na mchana ikome. Sasa alitega sikio akiitafuta, na alipoikosa alilia mbele ya shemeji yake bila kuona haya.

Asubuhi iliyofuata Marietha alipiga hodi. Romani alimsikia vizuri, lakini hakuitika. Alikuwa bado anatia oili. Marietha akashusha kikapu, akaegemea mlango, akasubiri ajibiwe kama zamani.