Mkono Uliomfungia Aol

Akina mama, msinicheke kabla sijamaliza. Tangu vita viishe hapa Kampala mwaka wa themanini na sita, mkono wangu unafunga kufuli kabla kichwa hakijauliza kwa nini.

Jumatatu ile binti yangu Aol alikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, saa tatu kamili. Alikuwa bado anavaa sare ndani. Nikatoka kwenda soko la Kalerwe, mkono ukafunga mlango kwa nje. Njiani nikarudi kutikisa kufuli. Imefunga. Nikaenda, nikarudi tena.

"Mama, fungua! Nachelewa!" Aol akapiga kelele.

"Ngoja kwanza, mwanangu, nahakikisha imefunga vizuri."

Jirani yangu Filda akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Aol, unamlinda asiibe mtihani?"

Nikashtuka, nikafungua. Kabla Aol hajatoa mguu, mkono ukafunga tena! Filda akaninyang'anya ufunguo, akafungua mwenyewe. Aol akakimbia kama kuku aliyeona kisu, akaingia darasani wa mwisho kabisa.

Sasa ufunguo anakaa nao Filda. Kila saa naenda kwake kuuliza kama bado anao.